LUGHA NI HAZINA: Kitenzi cha Wamisri wa Kale Chatoa Ushahidi



Juma hili tunaijibu barua ya msomaji wetu mmoja, askari, aliyetueleza kwamba yeye na mwenzake walibishana jioni nzima hata wakakaribia kununiana. Mwenzake alikuwa amesoma kwamba Wamisri wa kale, wale waliojenga mapiramidi, walipotaka kutaja kufa walisema "mut". Akashika hapo hapo: sisi twasema "mauti", basi Kiswahili ni mtoto wa lugha ya Mafirauni, na asiyekubali anaikana asili yake. Msomaji wetu hakukubali, lakini hakuwa na la kujibu. Anatuuliza: mwenye haki ni nani?

Swali hili si la mzaha. Asili ya watu ni heshima yao, na mwenye kuijenga juu ya neno moja ameijenga juu ya mchanga. Polisi wanalijua jambo hili vizuri. Mtu hatiwi hatiani kwa sababu tu kanzu yake inafanana na kanzu ya mwizi. Hutafutwa shahidi aliye imara. Katika mambo ya lugha, shahidi imara kuliko wengi ni kitenzi. Jina huazimwa kama jirani anavyoazima kinu. Lakini namna ya kukinyambua kitenzi, yaani namna ya kuonyesha nani katenda, lini, na kama tendo limekwisha au bado, hiyo ni mali ya ndani ya nyumba na haiazimwi kwa urahisi. Basi na tumwite shahidi huyo, kitenzi cha Misri ya Kale, tumsikilize.

ALAMA ZINAVYOSEMA

Lugha ya Misri ya Kale iliandikwa kwa picha ndogo ndogo zilizochongwa juu ya mawe au kuchorwa juu ya karatasi za mafunjo. Kwa karne nyingi hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kuzisoma. Mwaka 1799 lilipatikana huko Rosetta jiwe lenye tangazo moja, la mwaka 196 kabla ya Kristo, lililoandikwa kwa hati tatu, mojawapo ikiwa ya Kiyunani. Mwaka 1822 Mfaransa Jean-François Champollion alitangaza kwamba ameipata njia ya kuzisoma picha hizo. Alisaidiwa sana na ujuzi wake wa Kikopti, lugha ya Wakristo wa Misri, ambayo ndiyo hatua ya mwisho ya lugha ile ile ya Mafirauni.

Yafaa ieleweke kwamba Wamisri hawakuandika irabu. Tendo la kusikia liliandikwa kwa konsonanti tatu tu, ambazo kwa herufi zetu ni s, j na m. Wanazuoni, ili waweze kulitamka, hutia "e" katikati na kusema "sejem". Nasi tutafuata desturi hiyo.

Vitenzi vingi vilimalizika kwa alama isiyotamkwa, ambayo kazi yake ilikuwa kumwonyesha msomaji aina ya tendo. Miguu miwili inayotembea ilifuata vitenzi vya mwendo, kama "shem", kwenda, na "per", kutoka. Miguu ikiangalia nyuma ilionyesha kurudi nyuma. Mtu aliyetia mkono kinywani alifuata kula na kunywa, na pia kusema, kufikiri na kupenda, kwa kuwa kwao fikira na mapenzi yalihesabiwa pamoja na mambo ya kinywa. Mkono ulioshika fimbo ulifuata matendo ya nguvu. Kupigana, "aha", kuliandikwa kwa mikono miwili, mmoja umeshika ngao na mwingine shoka la vita. Kusikia kuliandikwa kwa sikio la ng'ombe.

Kuhusu kusikia, tusipite bila kusema jambo moja linalowahusu wazazi na makamanda pia. Kwa Wamisri, kama kwetu, kusikia kulikuwa pia kutii. Sisi twasema mtoto huyu ni msikivu, wala hatuna maana kwamba masikio yake ni mazima tu. Wao walimwita mtumishi "sejem-ash", maana yake asikiaye mwito, na mafundi waliochimba makaburi ya wafalme huko Thebes waliitwa kwa cheo hicho. Kitabu cha mawaidha cha Ptahhotep, mojawapo ya vitabu vya kale kabisa duniani, kinamalizika kwa sifa ndefu za mtu anayejua kusikia.

NANI AMETENDA?

Kiswahili humtaja mtendaji mwanzoni mwa kitenzi: ni-nasikia, u-nasikia, a-nasikia. Mmisri wa kale alitaja tendo kwanza, kisha akambandika mtendaji nyuma yake. Tazameni:

sejem-i: ninasikia
sejem-ek: unasikia (kwa mwanamume)
sejem-ech: unasikia (kwa mwanamke)
sejem-ef: anasikia (mwanamume)
sejem-es: anasikia (mwanamke)
sejem-en: tunasikia
sejem-echen: mnasikia
sejem-esen: wanasikia

Hapa mambo mawili yanaonekana. La kwanza, Mmisri alitenga mume na mke ndani ya kitenzi. Sisi tukisema "anasikia", msikilizaji hajui kama ni Juma au Asha. Mmisri akisema "sejem-ef" au "sejem-es", amekwisha kujua.

La pili, viambishi vile vile vilibandikwa nyuma ya jina kuonyesha mwenye mali. "Neb" ni bwana. "Neb-i" ni bwana wangu, "neb-ek" bwana wako, "neb-en" bwana wetu. Msomaji aliyepita chuoni atakuwa ameshtuka, maana amezoea kusikia "Rabbi", Mola wangu. "Rabbuka", Mola wako. "Rabbana", Mola wetu. Hata yule asiyesoma Kiarabu husema kila siku "salaam alaikum", na ile "kum" ya mwisho ni ninyi. Kufanana huku hakukutokea kwa bahati. Lugha ya Misri ya Kale, Kiarabu, Kiebrania na Kiberiberi ni za ukoo mmoja, pamoja na Kihausa cha Afrika ya Magharibi na lugha za Kikushi kama Kisomali na Kioromo. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki ukoo huo unaye jamaa katika Wairaqw wa Mbulu, Tanzania, na Warendille wa kaskazini ya Kenya. Wataalamu huuita ukoo wa Kiafro-Asia.

TENDO LIMEKWISHA AU BADO?

Mwanafunzi wa lugha hii, akitoka katika lugha za Ulaya, kwanza hutafuta wakati: uliopita, uliopo, ujao. Hapo hupotea njia. Kitenzi cha Mmisri kiliangalia zaidi hali ya tendo: limekamilika, linaendelea, linatakiwa, limefuata jingine. Mzungumzaji wa Kiswahili yuko karibu zaidi na jambo hili, kwa kuwa naye anavyo viambishi vya namna hiyo.

"Sejem-ef" peke yake yaweza kuwa "anasikia", na mahali pengine "na asikie", kwa mujibu wa maneno yaliyotangulia. Ikitiwa "n" katikati, kuwa "sejem-en-ef", tendo limekamilika: amesikia, alisikia.

Ikitiwa "in", kuwa "sejem-in-ef", tendo limefuata jingine: ndipo akasikia. Hii ndiyo kazi ya "ka" yetu, isemapo hadithi: akaondoka, akafika, akamwona. Hadithi za Wamisri zimejaa "jed-in-ef", yaani "akasema".

Ikitiwa "kher", tendo limelazimika kutokana na lililotangulia. Umbo hili hupatikana sana katika vitabu vya kazi. Karatasi ya mafunjo iitwayo ya Edwin Smith, iliyoandikwa karibu na mwaka 1600 kabla ya Kristo, inaeleza wagonjwa 48, wengi wao wenye majeraha na mifupa iliyovunjika. Mganga huelekezwa kumpima mgonjwa. Kisha huelekezwa aseme, na hapo hutoa neno lake: kama maradhi haya atayatibu, kama atapambana nayo, au kama hayatibiki. Katika karatasi ya hesabu iitwayo ya Rhind, mwanafunzi huambiwa "ir-kher-ek", basi fanya hivi. Mwalimu yeyote wa mafunzo ya silaha anaielewa lugha ya namna hii: hatua ya kwanza ikiisha, ya pili haina hiari.

Liko pia umbo la hali, ambalo halisemi mtu alitenda nini bali yuko katika hali gani baada ya tendo. Sisi hutumia "me". Tukisema "askari wa zamu amesimama", hatuna maana kwamba alisimama kisha akaondoka. Yuko pale pale, wima. Tukisema "askari wa zamu alilala", hiyo ni habari ya jana, yaweza kuwa nyumbani kwake baada ya kazi. Lakini tukisema "askari wa zamu amelala", mkuu wa kituo ataruka kutoka kitini. Mmisri alikuwa na viambishi maalumu kwa hali hii: "ii-kui", nimekuja na nipo.

Umbo hili limo katika jina ambalo dunia nzima inalijua. Malkia Nefertiti, mke wa Firauni Akhenaten, jina lake ni sentensi kamili: mrembo amekuja. Ile "ti" ya mwisho ndiyo kiambishi cha hali kwa mwanamke. Wala sisi tusione ajabu jina la mtu kuwa sentensi. Huko Rwanda na Burundi mtu huitwa Habimana, maana yake Mungu yupo. Na huko Ankole, Uganda, huitwa Tumwesigye, yaani tumtumaini Yeye. Wazazi wa mto Nile, chini na juu, wamewaandikia watoto wao dua ndani ya kitenzi.

HAKUSIKIA, HASIKII, HAJASIKIA

Sasa tumefika mahali ambapo wanazuoni wenyewe walijikwaa kwa muda mrefu. Kukanusha, Mmisri alichora mikono miwili iliyotandazwa, kama mtu asemaye "sina kitu". Alama hiyo husomwa "en", na hutangulia kitenzi.

Tungedhani ni jambo rahisi: ikiwa "sejem-en-ef" ni alisikia, basi "en sejem-en-ef" ni hakusikia. La hasha. Mwaka 1924 Mwingereza Battiscombe Gunn alichapisha uchunguzi wake, akaonyesha kwa mifano mingi kwamba mambo yamegeuka juu chini. "En sejem-ef" ndiyo hakusikia. Na "en sejem-en-ef" ni hasikii, tena aghalabu ina maana ya hawezi kusikia. Kanuni hiyo hadi leo huitwa kwa jina lake.

Liko na la tatu: "en sejemet-ef", hajasikia. Lugha nyingi za Ulaya hazina kiambishi cha jambo hili, hulazimika kuongeza neno zima la pembeni. Kiswahili kinacho "ja", na Mmisri alikuwa na umbo lake.

Ndugu polisi, ninyi mnaoandika maelezo ya mashahidi, mnajua uzito wa herufi hizi chache. "Shahidi hakumwona mtu huyo." "Shahidi hamwoni mtu huyo." "Shahidi hajamwona mtu huyo." La kwanza linahusu usiku wa tukio. La pili linahusu macho yake, au watu waliopangwa mbele yake. La tatu linasema kazi bado, aitwe tena. Mwandishi akikosea kiambishi kimoja, mtu asiye na kosa aweza kulala ndani.

Wamisri nao walikuwa na mashauri yao. Katika mwaka wa 16 wa utawala wa Ramesses wa Tisa, karibu na mwaka 1110 kabla ya Kristo, ilivuma habari huko Thebes kwamba makaburi ya wafalme yanavunjwa na kuibwa. Mji ulikuwa na wakuu wawili: Paser, mkuu wa upande wa mashariki, na Paweraa, mkuu wa upande wa magharibi, ambako ndiko yaliko makaburi. Paser alitoa mashtaka. Tume ikatumwa, na taarifa yake imehifadhiwa katika karatasi ya mafunjo iitwayo ya Abbott, iliyoko London. Walikagua makaburi kumi ya wafalme wa zamani, moja baada ya jingine, na waliandika matokeo kwa vitenzi viwili: "gem", kupata, na "uja", kuwa salama katika umbo la hali. Tisa yalipatikana yakiwa salama. Moja tu, la mfalme Sobekemsaf, lilikutwa limevunjwa. Katika shauri hilo mchonga mawe mmoja, Amenpanefer, alikiri jinsi yeye na wenzake walivyoingia na kuchukua dhahabu. Tusisahau pia kwamba mashahidi wa mashauri ya namna hii walihojiwa kwa kupigwa fimbo, jambo ambalo sheria za siku zetu hazilikubali.

Kwa wakati huo lugha ilikuwa imekwisha kubadilika, na maumbo ya zamani yamechukuliwa nafasi na mapya: "bupu-ef sejem", hakusikia, "bu sejem-ef", hasikii, "bu irt-ef sejem", hajasikia. Maneno yamegeuka, lakini migawanyo mitatu imebaki vile vile.

AMRI NA VITA

Kwa kuwa wengi wenu mnaishi kwa amri, tuseme machache juu ya kitenzi cha kuamuru. Kwa kawaida Mmisri alitaja shina peke yake: "sejem", sikia! Kukataza alitanguliza "em": "em sejem", usisikie, "em sened", usiogope. Lakini vilikuwako vitenzi vikaidi. Kuja kulikuwa "ii", na bado mtu hakuitwa kwa shina hilo. Aliitwa "mi", njoo! Nasi pia twasema "kuja", lakini hatusemi "ja!", twasema "njoo!" Maneno yanayotumika zaidi kuliko yote ndiyo yasiyofuata kanuni, katika lugha nyingi za dunia.

Jinsi vitenzi hivi vinavyoshikana waweza kuiona katika kaburi la askari mmoja huko El-Kab, kusini ya Misri. Jina lake ni Ahmose mwana wa Ebana. Ebana alikuwa mama yake. Aliingia jeshini akiwa kijana, katika merikebu, mahali pa baba yake. Alipigana katika kuzingirwa kwa mji wa Avaris, walipofukuzwa watawala wa kigeni waitwao Hyksos, katika karne ya 16 kabla ya Kristo. Akashiriki kuuzingira mji wa Sharuhen kwa miaka mitatu. Kisha akapelekwa vitani Nubia. Wafalme watatu aliwatumikia, na mara saba alitunukiwa dhahabu.

Masimulizi yake yote yamechongwa ukutani kwa mwendo wa kijeshi. Kila tukio linafunguliwa kwa "wen-in", ikawa, au kwa "aha-en", ambalo kwa asili ni kitenzi cha kusimama, lakini hapo maana yake ni ndipo. Ikawa vita vikapiganwa. Ndipo akaleta mateka. Ikawa habari ikapelekwa kwa mjumbe wa mfalme. Ikawa akapewa dhahabu. Hata neno la mateka, "seker-ankh", limeundwa kwa vitenzi viwili, kupiga na kuishi: aliyepigwa akabaki hai. Askari yeyote aliyewahi kuandika taarifa ya doria ataitambua kazi ya mwenzake huyu. Neno la polisi nalo lilikuwapo: Medjay, ambalo kwanza lilikuwa jina la watu wa jangwa la Nubia, kisha, kwa kuwa wengi wao waliajiriwa kulinda, likawa jina la walinzi wa usalama wenyewe.

KITENZI KILIVYOGEUKA

Lugha ikiishi hubadilika, na hii iliishi muda mrefu kupita karibu lugha zote tunazozijua kwa maandishi, zaidi ya miaka 4000. Ilipofika hatua ya Kikopti, ikiandikwa kwa herufi zilizotokana na za Kiyunani, mtendaji alikuwa amehama. "Sejem" sasa ni "sotem", na alisikia ni "a-f-sotem": kwanza alama ya wakati uliopita, kisha yeye, kisha tendo. Hakusikia ni "empef-sotem", hasikii ni "mef-sotem", na hajasikia ni "empatef-sotem". Kilichokuwa mkia kimekuwa kichwa.

Jambo hili lilitokeaje? Watu walizoea kusema "alifanya kusikia" badala ya "alisikia". Kitenzi cha kufanya, "iri", kikachakaa kwa kutumiwa, hata kikabaki irabu moja tu, ile "a" ya mwanzo. Wala tusicheke. Nasi tumefanya hivyo hivyo. "Ta" yetu ya wakati ujao imetokana na kutaka. "Li" ya wakati uliopita imetokana na kitenzi cha kuwa. Na "me" imetokana na kitenzi cha zamani cha kumaliza. Atasikia ni mtu atakaye kusikia, na amesikia ni mtu aliyemaliza kusikia.

Sasa angalieni mtego. Kikopti husema "fna-sotem", nasi twasema "anasikia". Ile "na" ni ile ile kwa sikio, na imekaa mahali pale pale. Mwenye haraka atapiga makofi. Lakini "fna-sotem" maana yake ni atasikia, na "na" yake imetokana na kitenzi cha Kimisri cha kwenda. "Na" yetu imetokana na "na" ya kuwa pamoja, kama katika "nina kitabu". Wasafiri wawili wamekutana njia panda wamevaa kofia za rangi moja. Hawakutoka kijiji kimoja.

JIBU LETU

Turudi kwa msomaji wetu na mwenzake. Ni kweli kwamba Wamisri walisema "mut" kwa kufa, na ni kweli kwamba neno hilo ni ndugu wa "mauti". Mpaka hapo mwenzake amesema kweli. Lakini "mauti" limetufikia kutoka Kiarabu, na Kiarabu ndicho chenye undugu na Kimisri. Sisi ni jirani tulioazima kinu.

Tazameni kitenzi. Hakuna Mswahili asemaye "mzee amemauti". Husema "mzee amekufa". Kufa ni kitenzi chetu wenyewe: Waganda husema "okufa", Wanyarwanda na Warundi husema "gupfa", na Wazulu, mwisho wa bara huko kusini, wanalo shina "fa". Huo ndio ukoo wetu, ukoo wa Kibantu. Hata tunapoazima kitenzi, hukivalisha nguo za nyumbani. "Safiri" ni la Kiarabu, lakini "nilisafiri, hatujasafiri, wangesafiri" si Kiarabu hata kidogo.

Hatusemi haya kwa kumdharau anayetafuta uhusiano wa Waafrika na Misri. Mwanachuoni mkubwa wa Senegal, Cheikh Anta Diop, aliutetea uhusiano huo katika mkutano wa UNESCO uliofanyika Cairo mwanzoni mwa mwaka 1974, akalinganisha lugha ya Misri na Kiwolof cha kwao. Wataalamu wengi wa lugha hawakuufuata uamuzi wake juu ya ukoo, na wangali wakiiweka lugha ya Misri katika ukoo wa Kiafro-Asia. Lakini angalieni njia aliyoifuata: hakusimama juu ya neno moja, aliingia ndani ya mnyambuliko wa vitenzi. Wala tusisahau kwamba kuwa katika ukoo wa Kiafro-Asia hakuitoi lugha hii Afrika. Ilizaliwa na kuzeeka barani humu, na jamaa zake wengi wangali wakichunga mifugo na kulima katika nchi zetu.

Basi hukumu yetu ni hii. Mwenzake ameliona jambo la kweli, lakini amelisoma vibaya. Msomaji wetu alishika upande wa haki, lakini hakuwa na shahidi. Sasa anaye. Na wapeane mikono.

ZOEZI LA NYUMBANI

Baba, mama na watoto na wakae pamoja. Kitenzi "jed" maana yake ni kusema. Tafsirini: (1) jed-en-ef, (2) jed-in-esen, (3) en jed-en-ek, (4) en jedet-es, (5) em jed.

Majibu, wala msichungulie kabla ya wakati: (1) alisema, au amesema, naye ni mwanamume, (2) ndipo wakasema, (3) husemi, au huwezi kusema, akiambiwa mwanamume, (4) hajasema, naye ni mwanamke, (5) usiseme.

Aliyepata yote matano amekwisha piga hatua ambayo kabla ya mwaka 1822 hakuna mwalimu duniani aliyeweza kumfundisha. Aliyekosa la tatu asione haya, kwa maana hilo lilingoja hadi mwaka 1924.

Hadi juma lijalo, tunawatakia wa zamu macho makavu, na wa nyumbani usingizi mwema.